Seli za paja kupandikizwa moyoni: kuna aliyepona kweli? Mzee wangu anauziwa tiba hii

#1 Kitindamimba
Wakuu, salaam.

Mzee wangu ana miaka 64. Mwezi wa tatu alipata mshtuko wa moyo akiwa shambani. Alikuwa anashika chembe ya moyo na kutapika, sote tukadhani ni vidonda vya tumbo, na kituo cha kwanza tulikompeleka wakampa dawa ya gesi. Tulikuja kujua ukweli kesho yake. Sasa hivi eko, kile kipimo cha picha ya moyo, inasema moyo unasukuma asilimia 30. Daktari alinionyesha kwenye skrini: upande mmoja wa moyo unajikunja kama ngumi, ukuta wa mbele umetulia tu, unaburutwa na wenzake. Akasema pale ni kovu.

Juzi shangazi kanitumia sauti ya wakala wa kliniki moja ya nje. Anasema wanampandikizia mgonjwa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kuzaa seli nyingine, na moyo unaota upya ndani ya miezi mitatu. Dola 9,000, nauli mbali. Kaka yangu tayari anatafuta mnunuzi wa shamba.

Niliwahi kusoma kwamba Wajapani walianza zamani kutoa nyama ya paja la mgonjwa na kuipandikiza moyoni. Naomba kujua: kitu hiki kipo? Na kama kipo, mbona madaktari wetu hawakitaji? Nataka majibu shamba likiwa bado letu.

#2 Mgosi wa Mlalo
Pole sana kwa mzee. Shamba lisiguswe kwanza. Nimeketi hapa nasubiri wajuzi.

#3 Mkongwe wa Maabara
Kitindamimba, pole. Nirekebishe kimoja kabla hakijasambaa: hawakuanza Wajapani. Walianza Wafaransa.

Juni 2000, hospitali ya Bichat, Paris, daktari wa upasuaji Philippe Menasché alimpasua mwanamume wa miaka 72 mwenye kovu kubwa moyoni. Kabla ya hapo walikuwa wamemkata kipande cha msuli pajani, wakaziotesha seli zake maabara mpaka zikafika kama milioni 800. Siku ya upasuaji wakazidunga ndani na kandokando ya kovu, huku wakimwekea mishipa mipya ya damu. Tatizo la kwanza liko hapo hapo: mgonjwa alifanyiwa mambo mawili siku moja. Akipata nafuu, sifa apewe nani?

Kwa nini paja? Msuli wa paja una seli za akiba. Ukichanika zinaamka, zinagawanyika, zinaziba pengo. Moyo hauna akiba ya namna hiyo, ukifa sehemu unaweka kovu. Tena seli za paja ni za mgonjwa mwenyewe, kinga yake haizikatai, na zinavumilia uhaba wa damu kuliko seli za moyo. Lilikuwa wazo zuri na lilitoka kwa watu makini. Hata mapema zaidi, 1985, Alain Carpentier, huko huko Paris, aliuzungushia moyo msuli mzima wa mgongo na kuufungia betri ili uukamue.

Yule mgonjwa wa kwanza alifariki kama mwaka mmoja na nusu baadaye, kwa kiharusi. Walipoukagua moyo wake walikuta nyuzi za msuli wa paja ziko hai katikati ya kovu.

#4 Bucha la Kona
Mimi nauza nyama mwaka wa 18 huu, maabara siijui. Lakini nipe kipande gizani nitakwambia hili paja, huu moyo. Paja nyuzi zake ndefu, zimelala upande mmoja, kisu kinazifuata. Moyo nyuzi zimezunguka na kushikana kama ukili wa mkeka, kisu hakipati njia. Sasa mkipanda paja ndani ya moyo, nani analiambia lijikunje saa ngapi?

#5 Mkongwe wa Maabara
Bucha, umelenga penyewe. Hilo swali lako ndilo lililowashinda.

Seli za moyo zimeunganishwa kwa vitundu vidogo sana, umeme unapita kutoka moja hadi nyingine, ndiyo maana moyo wote unajikunja kwa pamoja. Seli ya paja ikishakomaa inaviacha hivyo vitundu. Yenyewe inangoja amri ya neva, na ndani ya kovu la moyo hakuna neva ya kuiamrisha. Kwa hiyo ziko hai, zinakula, ila hazisikii mdundo wa majirani. Na umeme ukifika pale unaweza kukwama ukaanza kuzunguka. Kati ya wagonjwa 10 wa kwanza wa Paris, 4 walipata mapigo ya kasi ya hatari, ikabidi wawekewe kifaa cha kushtua moyo.

Likaja jaribio kubwa lililoitwa MAGIC, matokeo yakatoka 2008. Wagonjwa 97, wote na kifaa hicho kifuani. Wengine walidungwa seli, wengine kimiminika kisicho na seli. Nguvu ya kusukuma damu haikutofautiana. Ila waliopata dozi kubwa, vyumba vya moyo vilipungua upana kidogo kuliko wale wa kimiminika kitupu. Hilo mpaka leo linanizuia kusema seli hazikufanya lolote.

#6 Jicho la Tai
Mimi nasema wazi: tiba ipo, inafichwa. Mtu akipona moyo nani atameza vidonge maisha yake yote? Kampuni za dawa haziwezi kukubali. Kila kitu cha asili ya mwili wetu kinapigwa vita.

#7 Mkaguzi wa Daftari
Jicho la Tai, nakuheshimu, lakini katika hili mambo yalikwenda kinyume kabisa. Fedha zilimwagwa, magazeti yalishangilia, na matumaini yalitangazwa kabla ya ushahidi.

2001 kikundi cha Donald Orlic na Piero Anversa kilichapisha kwenye jarida la Nature kwamba seli za uloto (ute wa ndani ya mfupa) wa panya, zikidungwa kwenye moyo ulioumia, zinageuka msuli wa moyo. Dunia nzima ikakimbilia uloto. Mwaka huo huo huko Düsseldorf tayari kuna mgonjwa aliyepitishiwa seli za uloto wake kwa katheta, mrija mwembamba, mpaka kwenye mshipa wa moyo. 2004 maabara mbili tofauti, ya Seattle na ya Stanford, zikarudia kazi ya panya, na katika jarida lile lile zikasema: hatuoni uloto ukigeuka moyo.

Anversa akahamia kwenye seli alizosema ziko ndani ya moyo wenyewe. 2011 jaribio la wagonjwa likachapishwa kwenye jarida la Lancet, watu wakatoa machozi ya furaha. 2017 hospitali alikokuwa akifanyia kazi Boston ililipa serikali ya Marekani dola milioni 10 kumaliza madai ya data za kughushi kwenye maombi ya ruzuku. 2018 hospitali hiyo na Harvard wakataka makala 31 za maabara ile zifutwe. Ile ya Lancet ikafutwa 2019.

Miaka 17, wakuu. Wagonjwa walitobolewa mifupa ya nyonga kutolewa uloto kwa sababu ya njia iliyofunguliwa na kazi ile. Hili linaniuma kuliko wizi wa fedha.

#8 Jicho la Tai
Mkaguzi, kwani mmoja akighushi wote wameghushi? Yako majaribio mengi yaliyoonyesha moyo unapanda asilimia.

#9 Mkaguzi wa Daftari
Swali la haki. Lilijibiwa 2014 na kikundi cha Darrel Francis wa Imperial College London, na mimi kama mkaguzi wa hesabu niliisoma kazi ile usiku mzima. Walichukua majaribio 49 ya seli za uloto wakatafuta makosa ndani ya ripoti zenyewe: asilimia isiyowezekana kwa idadi ile ya wagonjwa, jedwali linalopingana na maelezo, mtu aliyefariki huku lakini kule ana vipimo. Wakapata makosa zaidi ya 600.

Kisha wakapanga ripoti kwa wingi wa makosa. Zile zenye makosa zaidi ya 30, moyo ulipanda karibu asilimia 8. Zile 5 zisizo na kosa hata moja, moyo haukupanda, ulishuka kidogo. Hawakusema wote ni wezi. Uzembe wa kuandika tu unatosha kuzaa tiba.

#10 Nesi wa Hannover
Habari za huku. Niko Ujerumani, kazi yangu ni uuguzi, na mji ninaokaa ndiko lilikofanyika jaribio la BOOST. Wagonjwa 60 waliotoka kupata mshtuko wa moyo, nusu wakapewa seli za uloto wao. Baada ya miezi 6, waliopewa seli walipanda asilimia 6.7, wenzao 0.7. Watu walifurahi sana. Baada ya miezi 18 wale wengine wakawa wamesogea, tofauti ikawa haionekani tena wazi.

Kwa hiyo mimi siafiki kwamba yote ni makosa ya daftari. Inawezekana seli zinaharakisha kupona, hazizidishi kupona. Kwa mgonjwa miezi 6 ya nafuu si kitu kidogo.

#11 Mpiga Eko
Niongeze la chumba changu. Mimi napima eko kila siku. Asilimia ya kusukuma damu unaipata kwa kuchora kwa mkono ukingo wa ndani ya moyo, moyo ukiwa umejaa na ukiwa umejikamua. Mgonjwa akiwa na kifua kipana au mapafu yamefunika, ukingo hauonekani, unaukisia. Nimewahi kumpima baba mmoja asubuhi nikapata 32, mwenzangu akampima jioni akapata 37. Hakudungwa seli yoyote, alikunywa chai tu. Mtu akiniambia tiba imepandisha asilimia 3, swali langu la kwanza ni nani alichora na alijua mgonjwa yupo kundi gani.

Kitindamimba, kwa hiyo hata eko inayofuata ya mzee ikisoma 34, au ikisoma 27, msikimbilie kulia wala kushangilia.

#12 Mama Pacha
Jamani, mbona mnasema moyo haurudi? Wangu ulirudi.

Nilijifungua pacha, wiki ya tatu nikaanza kuvimba miguu, usiku silali, nikilala chali nahisi nazama. Nikibonyeza kidole kwenye muundi kinaacha shimo. Watu wakasema ni uzazi, wengine wakasema nimetupiwa jambo. Eko ikasoma 28. Nilitumia dawa, nilipumzika, mama yangu alilea watoto. Mwaka ulipoisha eko ikasoma 55. Hakuna aliyenipandikizia chochote.

#13 Daktari Mstaafu
Mama Pacha, Mungu akuzidishie afya. Ugonjwa wako ni wa moyo kulegea baada ya uzazi, na wanawake wengi hupona hivyo. Kwako seli nyingi hazikufa, zilichoka. Ukiziondolea mzigo zinaamka. Kwa mzee wa Kitindamimba mshipa uliziba, seli za ukuta ule zikafa kwa kukosa damu. Mshtuko mkubwa wa moyo unaweza kuua seli hadi bilioni moja ndani ya saa chache. Ndiyo maana chembe milioni kadhaa kwenye sindano zimepewa kazi ngumu, na nyingi hazikai hata pale zilipodungwa, zinasombwa na damu siku za kwanza.

Sasa nijibu swali la mbona hatukitaji. Majaribio haya karibu yote yalihusu mishipa ya moyo iliyoziba. Utafiti uliochapishwa 2012, wagonjwa 1,006 wa moyo kushindwa katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ulikuta presha ndiyo chanzo kwa asilimia 45, na mishipa kuziba haikufika asilimia 8. Wengine ni valvu zilizoharibika kwa homa ya koo ya utotoni, na kina Mama Pacha. Valvu iliyokakamaa huwezi kuidunga seli.

Kitindamimba, niambie dawa anazotumia mzee, moja moja.

#14 Afya Njema Wakala
Mleta mada usihangaike na sindano. Kuna vidonge na unga wa seli shina za mimea, unaweka chini ya ulimi, seli zinaingia moja kwa moja kwenye damu na kutafuta kiungo kibovu. Nina shuhuda nyingi. Karibu faragha.

#15 Binti wa Ukerewe
Wakala, naomba unisikilize bila hasira. Baba yangu mdogo aliuziwa unga huo, shilingi laki tatu na ushee boksi. Aliyemuuzia alimwambia aache dawa za hospitali "zisigongane na seli". Wiki ya pili alianza kulala amekaa kwenye kiti, kichwa juu ya meza. Wiki ya nne tulimzika. Vile vipakiti vilivyobaki mama mdogo hakuvitupa, viko kabatini, akifungua kuchukua sukari anaviona.

Seli ya tunda haiwi seli ya mtu, na ukiimeza tumbo linaimeng'enya kama embe lingine lolote. Nakuomba usimwambie mtu mwingine aache dawa.

#16 Daktari Mstaafu
Pole sana binti yangu. Naungana nawe. Mgonjwa wa moyo akiacha dawa ghafla, maji yanajaa kwenye mapafu.

#17 Mgosi wa Mlalo
Nimesoma nimenyamaza. Ila na mimi niulize, kwa nini tusibadilishe moyo mzima tu? Si Makaburu waliweza tangu 1969 pale Johannesburg?

#18 Mtani wa Kizaramo
Mgosi, tarehe imekupotea na mji umekupotea, kama siku ile ulipokuja Kariakoo. Ni Cape Town, hospitali ya Groote Schuur, tarehe 3 Desemba 1967, Christiaan Barnard. Mgonjwa Louis Washkansky aliishi siku 18, akafa kwa nimonia.

Na kubadilisha kunahitaji mtu mwingine afe moyo wake ukiwa mzima. Ndiyo kisa cha kutafuta seli, mioyo haitoshi popote duniani.

#19 Mgosi wa Mlalo
Nimekubali mtani. Kariakoo nilipotea kwa sababu ulinielekeza wewe.

#20 Chumvi ya Uvinza
Mbona Dodoma pale Benjamin Mkapa wanapandikiza uloto na watoto wa selimundu wanapona? Hizo si seli shina hizo hizo?

#21 Mkongwe wa Maabara
Ni seli shina, na tiba ile ni ya kweli. Lakini angalia kazi zinazopewa. Seli shina ya uloto kazi yake tangu kuumbwa ni kutengeneza damu. Kwa mtoto wa selimundu unaipeleka kwenye uloto, nyumbani kwake, ikafanye kazi yake. Kwa mgonjwa wa moyo unaipeleka ugenini na kuitaka iwe kitu kingine. Wakala wanachanganya mambo haya mawili makusudi, maana neno ni moja.

#22 Mwalimu wa Baiolojia
Nimechelewa, mitihani. Mkongwe #3 kasema moyo hauna akiba. Naomba nisogeze kidogo, maana hapa pana jambo zuri sana.

Kati ya miaka ya 1950 na 1963 mataifa makubwa yalilipua mabomu ya nyuklia angani, kaboni ya aina ya 14 ikazidi hewani, ikaingia kwenye mimea, mifugo na watu. Majaribio ya angani yalipokatazwa ikaanza kupungua mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo kila seli imebeba muhuri wa mwaka ilipozaliwa. 2009 kikundi cha Jonas Frisén huko Sweden kilipima muhuri huo kwenye mioyo ya waliofariki, wakakuta seli za msuli wa moyo zinazaliwa hata ukubwani: kama asilimia 1 kwa mwaka ukiwa na miaka 25, chini ya nusu ya asilimia ukifika 75. Ni kidogo mno kuziba kovu, lakini mlango haujafungwa kabisa.

Samaki mdogo wa milia aitwaye zebra, ukimkata sehemu ya tano ya chumba cha moyo, miezi miwili imeota tena. Kitoto cha panya cha siku moja nacho kinaweza. Kikifika wiki moja, uwezo umekwisha. Mimi naamini njia ni kuziamsha seli zilizopo, siyo kuleta wageni.

#23 Nesi wa Hannover
Mwalimu, umenikumbusha maelezo mengine. Wengi sasa hawasemi seli zinageuka moyo. Wanasema zinamwaga kemikali zinazotuliza majirani na kuotesha mishipa midogo, kisha zinakufa.

#24 Mwalimu wa Baiolojia
Ndiyo, na hata hilo limepata mpinzani. Kikundi cha Jeffery Molkentin wa Cincinnati kilidunga kundi moja la panya seli shina zilizo hai, kundi la pili seli zilizokufa, kundi la tatu kemikali ya kuchokoza kinga isiyo na seli hata moja. Mioyo ya makundi yote ikajikamua vizuri zaidi. Wanasema sindano inaita askari wa kinga, na askari hao ndio wanaolainisha kovu.

#25 Bucha la Kona
Kwa hiyo seli zinaingia, zinakufa, na kufa kwake ndiko kunakotibu?

#26 Mkongwe wa Maabara
Kwa panya yale. Mimi Molkentin hanitoshi. Kama ni uchokozi wa kinga tu, mbona nyuzi za paja za yule mzee wa Paris zilikuwa hai mwaka mmoja na nusu? Naona tunaita kwa jina moja mambo matatu tofauti: seli kubaki hai zenyewe, seli kumwaga kemikali, na seli kuchokoza kinga.

Na kuna njia ya nne ambayo haijatajwa: kupeleka msuli wa moyo uliokwisha kuwa msuli wa moyo. Shinya Yamanaka wa Japani 2006 aligundua namna ya kurudisha seli ya kawaida utotoni, Nobel akapewa 2012. Seli hizo unaweza kuzilea ziwe za moyo kabisa. Osaka, kikundi cha Yoshiki Sawa kiliweka utando wa seli kama hizo juu ya moyo wa mgonjwa Januari 2020. Kitindamimba, ulichosoma kuhusu Wajapani kina chembe ya ukweli: Sawa huyo huyo kabla ya hapo alitengeneza utando wa seli za paja, serikali ikauruhusu kwa masharti 2015, na 2024 kamati ikaona ushahidi haukutosha.

Göttingen, Ujerumani, kikundi cha Wolfram-Hubertus Zimmermann walimwekea mama wa miaka 46 viraka 10 vya msuli wa moyo, seli milioni 400. Ilikuwa 2021. Miezi mitatu baadaye alipata moyo wa kupandikizwa, kwa hiyo ule wa zamani ukakatwa na kuchunguzwa: msuli uliowekwa ulikuwa hai na umeingiwa na mishipa ya damu. Wamechapisha Januari 2025.

#27 Mkaguzi wa Daftari
Mgonjwa mmoja, Mkongwe. Na wa Paris alikuwa mmoja.

#28 Mkongwe wa Maabara
Kweli. Na miezi mitatu haitoshi kusema kitu. Ila safari hii ni msuli unaosikia mdundo.

#29 Kitindamimba
Wakuu, nimesoma kila neno, mengine nimemsomea mzee.

Daktari Mstaafu, nilikwenda kuangalia kopo la dawa. Aliandikiwa nne: bisoprololi, enalaprili, spironolaktoni na dapagliflozini, pamoja na ya kukojoza. Anameza mbili. Dapagliflozini ilikwisha mwezi wa tano na hakusema kwa sababu ya bei. Enalaprili aliacha mwenyewe ilipomletea kikohozi. Sikujua. Nimekaa naye nyumba moja na sikujua.

Halafu nikampigia wakala wa kliniki. Nikauliza: ni seli za nini, zinaingizwa wapi, na nani alipima wagonjwa waliotangulia? Kajibu ni seli za kitovu cha watoto, zinaingizwa kwa dripu ya mkononi, "zinajijua zenyewe pa kwenda". La tatu hakujibu. Kapunguza bei mpaka dola 7,500.

#30 Daktari Mstaafu
Usijilaumu, mwanangu. Hizo nne zikimezwa zote pamoja zinarefusha maisha, hilo limepimwa kwa maelfu ya watu. Kikohozi ni kawaida kwa enalaprili, zipo ndugu zake zisizoleta. Arudi kliniki wiki hii, aseme ukweli wote, wambadilishie. Asijirudishie mwenyewe kipimo cha zamani. Mzani mnao? Apimwe kila asubuhi akishakojoa, kabla ya chai. Akiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, ni maji hayo, msingoje miguu ivimbe.

#31 Chumvi ya Uvinza
Seli za kitovu kwa dripu siyo uongo wote. Chile walijaribu, wagonjwa 30, nusu wakapewa, wakaripoti moyo ulisogea. Ilichapishwa 2017.

#32 Mkaguzi wa Daftari
Wagonjwa 15 kila upande. Jaribio la BAMI la Ulaya, la seli za uloto, lilitaka wagonjwa 3,000 wakapata 375, nalo likashindwa kutoa jibu.

#33 Chumvi ya Uvinza
Na lile kubwa la Marekani lililochapishwa 2023, zaidi ya wagonjwa 500? Lengo kuu halikufikiwa, lakini waliopewa seli walipata mishtuko ya moyo na viharusi vichache zaidi. Hilo nalo tulitupe?

#34 Mwalimu wa Baiolojia
Tusilitupe. Ila ndugu wa dripu wajue: seli zikipitia mshipa wa mkono, nyingi zinanasa kwenye mapafu. Nani kazifundisha njia ya moyoni?

#35 Mpiga Eko
Na pale Chile walichora kwa eko?

#36 Kitindamimba
Habari ya huku: mzee karudi kliniki Alhamisi, enalaprili imebadilishwa, ile ya bei tumenunua ya miezi miwili. Kaka kamwambia mnunuzi wa shamba asubiri. Shangazi kanuna, anasema tunamnyima mdogo wake nafasi, nami siwezi kumlaumu, anampenda.

Mzani tumeuweka kwenye korido pale sakafu iliponyooka. Jana 71.2, leo 71.4. Anaandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, na hataki mtu amsaidie.

Mkongwe, mzee ana maswali mawili kuhusu yule mama wa Göttingen. Alimeza dawa za kushusha kinga? Na vile viraka, kabla ya kuwekwa mwilini, vinakuwa vimelala tu kama nyama ya buchani?

#37 Mkongwe wa Maabara
La kwanza: ndiyo, seli zilikuwa za mtu mwingine, bila dawa za kushusha kinga mwili ungezila. La pili, mwambie mzee hapana. Vinadunda, ndani ya sahani ya maabara, kabla havijaona mwili wa mtu.